Jicho la Rangi ya Asali

Ilipofika dakika ya kumi na nane, Miwani hakuwa na shaka tena kwamba kijana aliyeketi mbele yake, kijana aliyempenda miaka miwili bila kupumzika, alikuwa anamdanganya mchana kweupe.

Walikuwa wawili tu kwenye ukumbi wa mazoezi wa chuo, madirisha yamefungwa, feni inazunguka kivivu juu yao. Kila mmoja alikuwa kwenye stuli yake, hatua moja kati yao, na uzi mwekundu wa kufumia ulikuwa umekazwa kutoka kidole cha shahada cha mmoja hadi cha mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, mtihani wa mwisho wa Miwani katika sanaa za maonyesho, na aliipa jina la "Usiangushe". Kanuni zake hata mtoto angezishika. Watu wawili wanatazamana machoni bila kusema neno. Atakayekwepesha macho kwanza anaachia uzi uanguke, na uzi ulioanguka hauokotwi. Anakuja mwingine, unakatwa uzi mwingine. Wao wawili ndio wangefungua onyesho kwa dakika ishirini, kisha kijana angeinuka na kuwapisha watazamaji, mmoja mmoja, kwa saa mbili nzima. Mtihani ulikuwa kesho yake, saa nne asubuhi.

Jina la Miwani alibandikwa na wenzake mwaka wa kwanza kwa sababu baba yake ana duka la miwani, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuvaa miwani tangu azaliwe. Kijana aliitwa Seremala, na huyo alilistahili jina lake, maana hapakuwa na jukwaa hapo chuoni lisilo na misumari yake. Stuli walizokalia alizitengeneza yeye. Alipima urefu wao wakiwa wameketi, akaongeza vidole vinne kwenye miguu ya stuli ya Miwani ili macho yao yawe sawa. Siku alipomletea, Miwani alijiambia hajawahi kupata barua ya mapenzi inayofikia vidole vinne vile.

Sasa alikuwa juu ya hivyo vidole vinne, amekasirika.

Shaka ilianza wiki moja nyuma. Dukani kwa baba yake, tangu akiwa na miaka kumi na minne, kazi ya Miwani ilikuwa kuita wateja na kupima umbali wa mboni zao kwa rula. Mtu akifanya kazi hiyo miaka minane, si rahisi jicho kumpiga chenga. Macho yanayotazama macho hayatulii. Yanaruka kidogo sana, kutoka jicho la kulia la mwenzako kwenda la kushoto, na kurudi. Macho ya Seremala yalikuwa yametulia tuli, kila siku, kama ya mtu anayesoma saa ya ukutani.

Kwa hiyo asubuhi ile, kabla baba yake hajafungua duka, Miwani alichukua lenzi moja kwenye boksi la sampuli, zile laini za kuvaa ndani ya jicho, akaivaa upande wa kushoto. Jicho la kulia likabaki jeusi kama alivyozaliwa nalo, la kushoto likawa na rangi ya asali. Askari wa getini aliliona kabla hajamaliza kusaini daftari, akamuuliza kama siku hizi anaona dunia mbili. Mama wa usafi alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamwambia aende hospitali sasa hivi, mazoezi yatamsubiri. Seremala alikuwa mbele ya jicho hilo dakika kumi na nane, na hakuwa na habari.

"Jicho langu la kushoto lina rangi gani?" Miwani akauliza.

Seremala alishtuka. Kanuni ya kutosema neno ilikuwa ya Miwani mwenyewe, na hakuwahi kuivunja.

"Rangi yake ya siku zote," akajibu. "Tumebakiza dakika mbili."

"Niambie rangi."

"Jeusi. Macho yako ni meusi, nani asiyejua? Umeanza vituko gani tena?"

Miwani akangoja. Basi Seremala akamtazama, safari hii akamtazama kweli, na Miwani akayaona macho yale yakiruka, kulia, kushoto, kulia, kisha yakakwama kushoto. Uso ukamshuka.

"Limefanya nini?"

"Liko hivi tangu saa moja asubuhi. Askari wa getini ameliona. Mama wa usafi ameliona. Wewe ulikuwa unatazama nini?"

Kwa unyonge wa mtu aliyekamatwa na kitu mkononi, Seremala akagusa katikati ya nyusi zake. "Hapa."

Ujanja huo walifundishwa mwaka wa kwanza. Mwalimu wao wa jukwaa aliwaambia mwenye aibu atazame katikati ya nyusi za mwenzake, walioketi mbali hawatajua tofauti. Ulikuwa msaada wa wanaoanza, na ulipofika mwaka wa pili hakuna aliyeukumbuka.

"Aliufundisha kwa ajili ya watazamaji," Miwani akasema. "Mimi si mtazamaji. Mimi ni mchumba wako."

"Usipandishe sauti."

"Sijapandisha. Nikipandisha utajua."

Akamuuliza tangu lini. Seremala akasema tangu Jumapili ile. Hakuhitaji kusema Jumapili gani, kwa sababu waliyokuwa nayo ilikuwa moja tu.

Miwani aliikumbuka mno. Ilikuwa yapata wiki tatu zilizopita, Seremala alipompeleka kwao kwa mara ya kwanza kumtambulisha kwa mama yake, mkunga wa hospitali, mjane mwenye mikono mikubwa safi na sauti isiyozoea kurudia neno. Kosa lililotokea pale lingeweza kufanywa tu na mtu aliyetoka kushinda siku sita mfululizo kwenye stuli akijifundisha kutokwepesha macho. Mama alinyoosha mkono. Miwani akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaamkia vizuri, kila kitu mahali pake isipokuwa macho. Macho aliyasahau juu. Alimkodolea mama mkwe mtarajiwa vile vile alivyokuwa akikodoa mazoezini. Mama akasubiri macho yashuke, hayakushuka, mpaka mwenyewe akageukia birika la chai. Miwani alikuja kulitambua kosa lake wakiwa njiani kurudi, akataka wageuze akaombe radhi. Seremala alimkataza, akamwambia mama hana neno, asijisumbue.

"Alikuwa na neno," Seremala akasema sasa, akiwa ameinamia uzi wake. "Alisema una macho makavu. Alisema binti anayemtazama mkwewe hivyo siku ya kwanza, siku nyingine atamtoa nje ya nyumba yake. Mama amekukataa, Miwani."

"Alisema lini?"

"Jioni ile ile."

"Na wewe ukasema nini?"

Seremala alianza kukwangua mguu wa stuli kwa ukucha, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukwangua.

"Nakuuliza, wewe ukasema nini?"

"Nilinyamaza. Yule ni mama yangu."

"Hukumwambia kuhusu mazoezi? Hukumwambia huyu binti anashinda kutwa kwenye stuli niliyomtengenezea mimi kwa mikono yangu, amejisahau tu, si jeuri?"

"Asingeelewa."

"Hukujaribu."

"Nilitaka tumalize mtihani kwanza," akasema. "Nisikuvuruge. Baada ya hapo ningekwambia."

"Ungeniambia nini?"

Seremala akaurudia mguu wa stuli kwa ukucha, na hapo ndipo Miwani alipoelewa kwamba neno alilowekewa mpaka baada ya mtihani ni kwaheri. Wiki tatu alikuwa akija hapa kila siku, akikaa juu ya stuli, akimmiminia mtu huyu kila kilichomo moyoni mwake kupitia macho, na mtu mwenyewe alikuwa anangojea alama zitoke.

"Kwa hiyo mapenzi yangu yalikuwa yanasubiri cheti," akasema. "Juzi getini uliniambia unanipenda. Ulikuwa unaniambia mimi, au ulikuwa unaliambia paji la uso?"

"Miwani, nakupenda. Hilo usilichanganye na haya."

"Silichanganyi. Umelichanganya wewe, ukakoroga, ukanipa ninywe."

Akamwambia kesho asije. Seremala akamkumbusha kwamba kwenye fomu ya mtihani majina ni mawili, na alama ishirini ni za ushirikiano. Akitokea peke yake Mwalimu atazikata zote, na Miwani mwenyewe anajua mwaka huu alama zake si za kuchezea. Miwani akajibu kwamba zikatwe. Seremala akauliza, kwa sauti ya mtu anayefikiri ameshika turufu, atawakalisha watu wapi bila stuli.

"Zibebe," Miwani akasema. "Zote mbili. Nenda nazo."

Alidhani ni utani. Alipoona si utani naye akakasirika, maana Seremala si jiwe, akazitia kwapani, moja huku na moja huku, akaondoka. Mlangoni akakwama. Miguu ya stuli ilinasa kwenye fremu, akarudi nyuma, akajaribu kwa ubavu, ikanasa tena. Siku nyingine yoyote Miwani angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo alisimama katikati ya ukumbi, mikono kifuani, akamtazama mpaka alipotoka.

Uzi wao ulikuwa umelala sakafuni. Nani aliuachia kwanza, hakuna aliyeona.

* * *

Duka la baba yake lilikuwa linakaribia kufungwa alipofika. Wateja walikuwa wamekwisha, na mzee alikuwa nyuma ya kaunta akisugua vioo kwa kitambaa laini, fremu moja baada ya nyingine. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyemlea binti yake peke yake kati ya mashine ya kusaga lenzi na bango la herufi. Alimtazama mara moja tu.

"Umenawa mikono?"

"Nini, baba?"

"Kabla ya kuivaa. Sampuli yangu moja haipo kwenye boksi. Umenawa mikono kabla ya kuitia jichoni?"

Miwani akasema alinawa, na hapo akalia, si kwa sauti, machozi tu ya hasira yanayomkera hata mwenye kulia. Baba akazunguka kaunta. Akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akanawa mikono yake mwenyewe, akamwinua kope na kuitoa ile lenzi kwa ncha ya kidole, bila haraka. Kisha akamwacha aseme, na Miwani akasema yote.

Seremala hakuwahi kumpendeza sana mzee huyu. Hakumkataza binti yake, lakini siku moja aliwahi kusema ni kijana mzuri mwenye mikono mizuri, ila ukimuuliza swali anaijibu sakafu. Miwani alisubiri arudie maneno hayo. Hakuyarudia.

"Unawajua wale wanaokariri herufi," baba akasema. "Wanasimama hapo mlangoni wakisikiliza mwenzao anavyosoma, zamu yao ikifika wanazitaja zote kwa haraka. Wanaona aibu kuonekana hawaoni. Huwa nawapa miwani gani?"

"Ya herufi walizokariri."

"Na wakijikwaa kwenye ngazi wanakuja kunigombeza mimi." Akaikunja ile lenzi kwenye karatasi, akaitupa. "Yule kijana amekariri. Wewe usimrekebishie miwani. Atapimwa upya siku atakapotaka mwenyewe."

"Baba, kesho sina hata viti."

Mzee akaangalia viti viwili vya wateja, vile vya ngozi iliyochanika pembeni, ambavyo Miwani alivifuta vumbi kila asubuhi ya utoto wake. Akasema kesho angefunga duka mpaka saa saba mchana. Katika maisha yake Miwani alilikuta duka hilo limefungwa siku ya kazi mara moja tu, na ilikuwa siku walipomzika mama yake.

* * *

Saa nne juu ya alama Mwalimu wa jukwaa aliingia ukumbini na watahini wawili. Alikuwa mwanamke asiyecheka saa za kazi. Aliangalia viti viwili vya ngozi, akaangalia fomu, akauliza mwenza yuko wapi. Miwani akajibu kwamba hayupo na kwamba atafungua na kiti. Mwalimu akaandika kitu kwa kukandamiza kalamu.

Kwa dakika ishirini Miwani alikaa akitazama kiti kitupu, uzi mmoja kidoleni mwake na mwisho wake umelazwa juu ya ngozi iliyochanika. Watu walikuwa wamejaa hadi ukutani, na mwanzoni walinong'ona, baadaye wakanyamaza. Yeye alikuwa anawaza jambo moja tu, kwamba hatalia. Hasira ilimsaidia. Ilimnyoosha mgongo.

Mtu wa kwanza kuketi alikuwa askari wa getini, aliyestahimili nusu dakika akaangua kicheko na kuachia uzi. Alipoinuka, Miwani alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, bila kuutuma, "Anayefuata." Ni vile viti. Miaka minane hakuwahi kumwona mtu akiinuka kwenye kiti kile bila kuita mwingine. Watu wakacheka kidogo, na yeye akaliacha neno likawa sehemu ya onyesho. Anayefuata. Wakaja wanafunzi wa muziki, wakaja wa uchoraji, akaja mtahini mmoja aliyejitia hamnazo kisha akakwepesha macho haraka kuliko wote. Mama wa usafi aliketi na aproni yake, akamtazama jicho moja, akalitazama la pili, akaridhika kwamba yote ni meusi, na baada ya hapo akaanza kulia bila kujua analilia nini. Sakafu ikawa inaota nyuzi nyekundu. Miwani hakukwepesha hata mara moja.

Yapata saa tano na nusu mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamke mwenye viatu vyeupe vya hospitali, mkoba mkononi, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu ya usiku. Nyuma yake, stuli kwapani, moja huku na moja huku, akaingia Seremala.

Miwani aliwaona kwa pembeni tu, kwa sababu mbele yake kulikuwa na mtu. Waliokuwa kwenye foleni walimtambua mama kuwa ni mtu mzima, wakataka kumpisha. Akakataa. Akasimama nyuma ya wa mwisho, akangoja zamu yake, na kila Miwani alipoita anayefuata yeye alisogea hatua moja. Baba yake Miwani, aliyekuwa ukutani, alivua miwani yake akaifuta, akaivaa tena.

"Anayefuata."

Mama mkunga aliketi, akaweka mkoba mapajani. Alipopewa uzi aliuzungusha kidoleni mara mbili akaufunga kwa mkono mmoja, upesi na kwa usafi, kama alivyozoea kufunga kitovu cha mtoto. Kisha akainua uso.

Miwani hakuwa tena mtahiniwa. Alikuwa binti wa watu mbele ya mama wa mtu, na kila alichofundishwa tangu utotoni kilimvuta shingo chini. Kope zikaanza kushuka.

"Usishushe," mama akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Niangalie mimi. Niangalie mimi tu."

Bila shaka ndiyo sauti aliyowatuliza nayo wanawake katika saa zao ngumu kwa miaka thelathini, na Miwani hakuweza kuikaidi. Akamwangalia. Ukumbi mzima ukatulia, hata feni ilionekana kupunguza kelele. Walitazamana dakika, kisha mbili, kisha watu wakaacha kuhesabu.

"Jana nimekuta stuli kibarazani," mama akasema, bila kukwepesha macho hata kidogo. "Nikamuuliza mwanangu kulikoni vifaa vya mtihani virudi kabla ya mtihani. Akanizungusha. Nikambana. Akaniambia umemfukuza, kwa sababu mimi nimekukataa."

Mwalimu wa jukwaa aliinua kalamu kana kwamba atasema kitu kuhusu kanuni ya kutozungumza, akaghairi.

"Kwamba una macho makavu, nilisema," mama akaendelea. "Nilisema na sikani. Lakini wiki ile ile nilizalisha binti wa umri wako. Hakuwa na mtu. Alinikazia macho saa tatu hakuniachia, na mimi sikuona dharau, niliona binti aliyenishikilia. Nikakukumbuka. Nikarudi nyumbani nikamwambia mwanangu, yule mgeni wako mlete tena, nadhani nilimwonea. Alikwambia?"

"Hapana, mama."

"Wiki mbili namuuliza. Kila siku ananiambia una mazoezi."

Miwani alihisi hasira ya jana ikigeuka kitu kingine, kizito zaidi. Jana alidhani amempoteza Seremala kwa mama yake. Kumbe mama alikuwa ameufungua mlango siku nyingi, na kijana ndiye aliyekuwa ameuegemea kwa mgongo ili usifunguke.

"Mimi naachia," mama akasema. "Sijashindwa. Nyuma yangu kuna watu." Akafungua kifundo, akauacha uzi uanguke, akainuka na mkoba wake. Kabla ya kuondoka alimgusa Miwani bega, mkono mkubwa, mzito, wenye joto.

"Anayefuata," Miwani akasema, na sauti ilimkwaruza.

Aliyefuata alikuwa msichana wa idara ya muziki, lakini aliangalia nyuma yake, akaona mambo, akasogea pembeni. Seremala alizitua stuli zake ukutani, akaja, akaketi kwenye kiti cha ngozi. Uzi ukamtoka mara mbili kabla haujakaa kidoleni.

Akamtazama. Miwani hakuhitaji rula. Macho yale yalikuwa yanaruka, kulia, kushoto, kulia, yakimtafuta, yakimpata, na yalikuwa yamejaa machozi. Hakuwahi kutazamwa hivyo tangu siku za mwanzo za mapenzi yao, walipokuwa wakikaa kwenye ngazi za maktaba mpaka askari awafukuze. Mwili wake wote ulilijua tazamo hilo na kulitaka. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.

"Sikumwogopa mama," Seremala akanong'ona. "Nilikuogopa wewe. Ukinitazama vile, muda mrefu vile, nilikuwa najiona mdogo. Naona utanichoka ukishanijua. Mama alipokukataa, Mungu anisamehe, nilipumua. Nikaona sasa sitakuwa na kosa, kosa litakuwa lake."

Miwani aliukaza uzi kidoleni.

"Aliposema nikulete tena, sikuweza. Ningeanzia wapi? Nisamehe. Sasa nakutazama. Naapa nakutazama wewe."

Na ilikuwa kweli, naye aliiona kuwa kweli. Aliona pia stuli pale ukutani, moja ndefu kuliko mwenzake kwa vidole vinne, na alitamani mno kwamba vidole vile vingetosha. Lakini aliiona pia Jumapili ile, wakiwa njiani, yeye akimwomba wageuze akapige goti aombe radhi, na huyu akimwambia usijisumbue. Alikuwa amewafanya wanawake wawili wachukiane, mmoja aitwe mwenye macho makavu na mwingine aitwe mama mkwe mbaya, ili yeye asilazimike kusema sentensi moja.

Watu arobaini na wawili walikuwa wameketi kwenye kiti kile asubuhi hiyo, na hakuna hata mmoja aliyemfanya Miwani akwepeshe macho. Mwalimu wa jukwaa alikuwa amesimama sasa. Mama mkunga, karibu na mlango, alikuwa ameukumbatia mkoba wake. Baba hakusogea.

Miwani alimtazama Seremala kidogo tena, macho yote mawili, meusi, yake mwenyewe. Kisha akayahamisha. Aliyapitisha juu ya bega la kijana, taratibu, mpaka kwenye foleni iliyosimama nyuma yake, akanyoosha kidole, na uzi ukateleza ukaangukia nyingine sakafuni. Seremala alibaki ameshika upande wake.

"Anayefuata," akasema, kwa sauti ile ile ya dukani kwa baba yake.